Wizara ya Afya ya Tanzania: Historia ya Kuifikisha Tiba Kijijini

Wizara ya Afya ya Tanzania ndiyo yenye dhamana ya sera ya afya, ubora wa tiba na dawa, udhibiti wa magonjwa ya mlipuko na uendeshaji wa hospitali za rufaa za Serikali kwa upande wa Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake, kwa kuwa afya si jambo la Muungano. Wananchi wengi hawajawahi kufika makao makuu ya wizara na hawatafika. Wao wanaijua kupitia zahanati: nyumba ya bati yenye baraza, benchi la wagonjwa, tabibu, muuguzi na kabati la dawa. Historia ya wizara hii ni historia ya umbali kati ya mgonjwa na kabati hilo, na ya nani anapaswa kulipia kilichomo ndani yake.

Mizizi yake iko katika ukoloni, ambao haukujenga tiba kwa ajili ya wenyeji. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa na Wajerumani ufukweni Dar es Salaam na kufunguliwa mwaka 1897, ikiwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walitibiwa katika hospitali nyingine, iliyotokana na fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyetoa sehemu kubwa ya mali yake kwa ajili ya shule na wagonjwa. Mwanasayansi Robert Koch alifika mwishoni mwa karne ya 19 kuchunguza malaria, akarudi Afrika Mashariki mwaka 1906 kuchunguza malale. Utafiti huo ulikuwa na uzito mkubwa duniani, lakini haukumletea mwanakijiji kliniki.

Chini ya Waingereza ilikuwapo idara ya tiba yenye madaktari wachache waliokaa mijini na makao makuu ya wilaya. Kuanzia miaka ya 1920, Serikali za Wenyeji zilianza kujenga zahanati ndogo vijijini. Aliyekaa humo aliitwa dresa: mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi kusafisha na kufunga vidonda na kutoa dawa chache za kawaida. Ujuzi wake ulikuwa mdogo, lakini kwa watu wengi ndiye aliyekuwa mtumishi wa kwanza wa afya kuonana naye uso kwa uso. Sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ilibebwa na misheni. Peramiho, Ndanda, Machame na Masasi yalikuwa majina ya matumaini kwa wagonjwa waliobebwa kwa machela siku nzima. Uhusiano huo wa Serikali na mashirika ya dini haukukatika baada ya uhuru, na hata leo wilaya kadhaa zinategemea hospitali ya misheni iliyopewa hadhi ya Hospitali Teule ya Wilaya, ikilipiwa watumishi na Serikali.

Mwaka 1956 Dar es Salaam ilipata Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ilikuja kuitwa Muhimbili. Miaka mitano baadaye Tanganyika ikajitawala. Nchi ya watu wapatao milioni 10 ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22. Kila aliyeshika wizara hiyo changa alianza na hesabu hizo mbili, wala hapakuwa na njia ya mkato ya kuzibadili.

Hatua ya kwanza ilikuwa kufundisha. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, kikawa baadaye kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Mwaka 1964 ilichapishwa taarifa ya jopo la wataalamu likiongozwa na Richard Titmuss wa London. Ushauri wake mkuu ulikuwa kwamba fedha zisimalizikie kwenye majengo makubwa ya mijini, na kwamba kituo cha afya cha kijijini, chenye kinga na tiba chini ya paa moja, kiwe mhimili wa huduma. Ushauri huo ulisikika vizuri, ila utekelezaji wake haukwenda kwa kasi. Katika muongo wa kwanza wa uhuru hospitali ziliendelea kula sehemu kubwa ya bajeti, kama ilivyo desturi ya hospitali popote zilipo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, liligeuza mjadala, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama tawala, TANU, kikaamua kwamba afya, maji na elimu vijijini vitangulizwe. Kilichofuata ni kipindi ambacho wizara ilifanya kazi kubwa kuliko ukubwa wa mfuko wake. Vituo vya afya, vilivyokuwa 22 wakati wa uhuru, vilizidi 200 kufikia mwaka 1980. Zahanati, ambazo hazikufika 1,000, zilizidi mara mbili. Ili majengo hayo yasikae matupu, wizara haikusubiri madaktari wa miaka mingi ya chuo. Ilifundisha waganga wasaidizi wa vijijini, matabibu na wauguzi wa afya ya mama na mtoto kwa maelfu, watu waliotoka vijijini na waliokubali kurudi huko. Uamuzi huo ulibezwa na baadhi ya wataalamu walioona kwamba viwango vinashushwa. Lakini mama aliyekuwa na mtoto mwenye degedege usiku hakuwa akichagua kati ya daktari bingwa na mganga msaidizi. Alikuwa akichagua kati ya mganga msaidizi na kutokuwa na mtu kabisa.

Lugha ya wizara nayo inastahili kutajwa. Kiswahili cha Serikali hakikulitupa neno mganga. Mkuu wa huduma za afya katika wilaya ni Mganga Mkuu wa Wilaya, wa mkoa ni Mganga Mkuu wa Mkoa, na mshauri mkuu wa kitaalamu wa taifa ni Mganga Mkuu wa Serikali. Anayeongoza kituo huitwa mganga mfawidhi. Neno lile lile lililomtaja mtaalamu wa mizizi na majani likatiwa kwenye barua za Serikali, likachukua heshima zote mbili.

Mwaka 1973, Ali Hassan Mwinyi akiwa Waziri wa Afya, nchi iliingia katika kampeni ya Mtu ni Afya. Ilikuwa kazi ya pamoja ya wizara, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, chama na Radio Tanzania. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza. Kisha, kwa muda wa majuma 12, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika kila juma kwa saa iliyopangwa kusikiliza redio.

Kikao kimoja kilikwenda hivi. Redio ya betri iliwekwa juu ya kiti au kigoda, watu wakakaa kwenye mikeka chini ya mwembe au katika darasa la shule ya msingi. Kipindi kilipokwisha, kiongozi alifungua kitabu na kusoma sura ya juma hilo kwa sauti, kwa kuwa wengi walikuwa bado hawajajua kusoma. Mada zilikuwa za nyumbani kabisa: malaria, safura, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu. Kisha maswali yakaulizwa. Hapa kwetu mbu anazaliana wapi? Maji ya kunywa tunayateka wapi, na ng'ombe wanakunywa wapi? Kikao hakikufungwa kabla ya kukubaliana jambo la kufanya kabla ya juma lijalo: kufukia dimbwi, kufyeka nyasi karibu na nyumba, kuchimba choo. Vyoo vilivyochimbwa kwa msukumo wa kampeni hiyo vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Vingine vilidumu, vingine vilijaa na kutitia bila kurithiwa na vingine, kwa maana tabia haibadiliki kwa msimu mmoja. Hata hivyo, kampeni chache zimewahi kumheshimu mwanakijiji kiasi hicho, zikamwachia nafasi ya kuutambua ugonjwa katika mazingira yake mwenyewe na kuuamulia cha kufanya.

Mwinyi alifuatiwa mwaka 1975 na Leader Stirling, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali za misheni za kusini, akachukua uraia wa Tanzania na kukaa katika uwaziri hadi mwaka 1980. Katika miaka hiyo ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Chanjo (1975), Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma (1977), na sheria ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ikapitishwa (1979). Mataifa yalipokutana Alma-Ata mwaka 1978 na kutangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya kuelekea afya kwa wote, Tanzania ilikuwa na mengi ya kuonyesha kuliko ya kujifunza.

Mpango wa kifua kikuu ndio mchango mkubwa wa wizara hii kwa dunia, nao haujulikani vya kutosha hata nyumbani. Kabla yake mgonjwa alimeza dawa mwaka mzima au zaidi. Wengi waliacha mara walipopata nafuu, wakarudi kwao na vijidudu sugu. Wizara, ikishirikiana na daktari Karel Styblo wa umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, ilijenga utaratibu uliokuwa mwepesi kueleza na mgumu kuusimamia. Makohozi yalipimwa kwa hadubini. Dawa za muda mfupi, miezi minane, zilitolewa, na katika miezi miwili ya kwanza mgonjwa alizimeza mbele ya mtumishi wa afya. Jina lake liliandikwa katika rejista ya wilaya, na mwisho wa matibabu paliandikwa kama amepona, amekufa, amehama au ametoroka. Mratibu wa wilaya alizunguka kituo hadi kituo akilinganisha rejista na kadi za wagonjwa, na jina lisilo na matokeo lilikuwa deni lake. Shirika la Afya Duniani lilipotafuta katika miaka ya 1990 njia ya kukabiliana na kifua kikuu kila mahali, lilichukua utaratibu huo uliojaribiwa Tanzania na kuupeleka ulimwenguni.

Chanjo nazo zilijenga taswira ambayo vizazi viwili vya Watanzania vinaikumbuka. Siku ya kliniki, mzani unaning'inizwa kwenye boriti au tawi la mti, mtoto anavalishwa kisuruali cha kupimia na kutundikwa, akilia. Uzito unatiwa nukta kwenye kadi yenye mistari ya kupanda. Nukta ikishuka chini ya mstari, muuguzi hana haja ya maneno mengi, mama mwenyewe ameona. Pembeni liko kasha la baridi lenye chupa za chanjo, lililotoka katika friji ya mafuta ya taa wilayani au kituoni. Mnyororo huo wa baridi ukikatika mahali pamoja tu, sindano zote zilizobaki ni maji matupu, na ndiyo maana kazi ya kulinda friji hiyo ilikuwa na uzito sawa na kazi ya kuchoma sindano.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya dhiki. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, bei ya mafuta na kuporomoka kwa uchumi viliikausha hazina, na zahanati zilizojengwa kwa moyo mkubwa zikabaki na rafu tupu. Jibu lilikuja kwa sura ya boksi. Chini ya Mpango wa Dawa Muhimu, uliogharimiwa zaidi na Denmaki na kushirikisha UNICEF, kila zahanati ilipata kila mwezi boksi lililofungwa tayari: vidonge vya malaria, dawa za kutuliza maumivu, viuavijasumu, dawa ya minyoo, chumvi ya kurudisha maji mwilini, bandeji. Lilifunguliwa mbele ya mashahidi wa kijiji ili kila mtu aone kilichomo. Boksi hilo liliokoa mfumo mzima. Lakini lilikuwa moja kwa wote, msimu wa mvua na wa kiangazi, nyanda za juu na bondeni. Mahali penye mbu wengi dawa ya malaria iliisha baada ya wiki mbili au tatu, huku dawa nyingine zikikaa rafuni hadi kupita muda wake. Ilichukua miaka mingi kabla ya zahanati kuruhusiwa kuagiza kulingana na mahitaji yake.

Katika miaka hiyo hiyo lilizuka janga ambalo hakuna wizara duniani iliyokuwa na dawa yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa kilichovushwa kutoka Uganda. Wizara iliunda mpango wa taifa wa kuudhibiti, ikaanza kupima damu ya kuongezewa na kufundisha kinga, lakini kwa miaka 20 kilichowezekana kwa waliougua tayari kilikuwa kutibu magonjwa nyemelezi na kuwauguza nyumbani. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kitaifa mwishoni mwa mwaka 2004. Yeyote aliyefanya kazi wodini kabla na baada ya mwaka huo anajua tofauti yake.

Swali la nani alipie lilirudi kwa nguvu katika miaka ya 1990. Sheria ya 1977 ilikuwa imepiga marufuku tiba ya kibiashara, na mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena kwa hospitali binafsi. Mwaka 1993 uchangiaji ulianza katika hospitali za Serikali. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wagonjwa wa magonjwa sugu walisamehewa, ingawa msamaha ulioandikwa Dar es Salaam haukuheshimiwa sawasawa kwenye kila dirisha la malipo. Bohari ya Dawa ikaundwa kwa sheria ya 1993 ili iendeshwe kama shirika linalojitegemea. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupata sheria yake mwaka 2001, mwaka ambao pia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kuwahudumia watumishi wa umma.

Mageuzi yasiyo na kelele ya kipindi hicho ni MTUHA, mfumo wa taarifa ulioingiza katika kila kituo vitabu vikubwa vya kuandikia wagonjwa wa nje, wajawazito, watoto na waliojifungua. Jioni, foleni ikiisha, muuguzi huketi na kalamu na kujumlisha alama za vijiti, tanotano, hadi apate idadi ya mwezi. Kazi hiyo inachosha na hailipwi kwa ziada, lakini bila vijiti hivyo mpangaji wa wilaya angekuwa anagawa fedha gizani. Morogoro Vijijini na Rufiji zilionyesha thamani ya takwimu: mradi mmoja ulizisaidia wilaya hizo kuelekeza fedha kidogo za ziada kwenye magonjwa yaliyokuwa yakiua zaidi, na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka takriban mitano.

Malaria ilikabiliwa kwa zana mpya. Klorokwini iliyoshindwa na vimelea iliondolewa mwaka 2001, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto. Mjamzito alipewa Hati Punguzo ya kununulia chandarua dukani kuanzia mwaka 2004, na baadaye vyandarua vyenye dawa vikagawiwa bure kwa mamilioni, vingi vikiwa vimetengenezwa Arusha. Watoto waliokutwa na vimelea katika uchunguzi wa kitaifa walishuka kutoka takriban asilimia 18 mwaka 2008 hadi 8 mwaka 2022. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulirudisha ndoto ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa maneno yaliyo rahisi kukumbuka: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata.

Wizara yenyewe imebadilika jina mara kadhaa. Ilikuwa ya Afya na Ustawi wa Jamii, ikaunganishwa mwaka 2015 na maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto, kisha mwanzoni mwa mwaka 2022 ikarudi kuwa Wizara ya Afya peke yake. Ofisi zake zilihama Dar es Salaam pamoja na Serikali na sasa ziko Dodoma. Lililo zito zaidi ni mgawanyo wa kazi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri na TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Wizara inatunga miongozo na kukagua, na tangu mwaka 2017 inaendesha moja kwa moja hospitali za rufaa za mikoa, juu yake zikiwa za kanda na za taifa. Anayeajiri si anayeweka kiwango. Mpangilio huo unaileta huduma karibu na diwani wa eneo, na pia unatoa mwanya wa kutupiana mpira pale dawa zinapokosekana.

Dhamana ambayo haigawanywi ni ya magonjwa ya mlipuko. Mwaka 2020 UVIKO-19 uliijaribu dhamana hiyo vibaya. Utoaji wa takwimu ulisitishwa mapema mwezi Mei, wiki chache baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa Machi 16, na chanjo ilizinduliwa Julai 2021. Ukimya wa mwaka mzima uliwanyima watumishi wa wodini na wananchi taarifa ambayo ni haki yao. Ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipozuka Kagera mwaka 2023 mambo yalikwenda kwa namna nyingine: ugonjwa ulitangazwa, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa mmoja mmoja, na mlipuko ukakoma mwezi Juni ukiwa na wagonjwa 9 na vifo 6.

Vipimo vya muda mrefu vinaonyesha mwelekeo ulio wazi. Katika uchunguzi wa mwaka 1999, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa 2015–16, na 104 katika ule wa 2022. Nyuma ya anguko hilo kuna vituo vya afya vilivyopewa vyumba vya upasuaji, na mfumo wa m-mama, ambapo simu ya bure kwa namba 115 humpata dereva wa gari la wagonjwa, au mwenye gari binafsi kijijini, wa kumkimbiza mzazi.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima na kuitaka Serikali ibuni njia ya kuwagharimia wasio na uwezo. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ya jamii 137,294 watakaofundishwa kwa awamu ndani ya miaka mitano: wawili kwa kila kitongoji na mtaa wa Tanzania Bara, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wakazi wa hapo hapo. Zahanati imejengwa kijijini, lakini kitongoji cha mwisho kinaweza kuwa saa mbili kwa miguu kutoka barazani pake, na huko ndiko wahudumu hawa wanakopangiwa kwenda nyumba kwa nyumba, kuuliza nani ana mimba, nani anakohoa na mtoto gani hajachanjwa.